Vipimo vya siliaki ni hasi, lakini kila nikila ngano naugua: nini kinafuata?

Tumaini

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo daktari wangu ameshalifunga, lakini mwili wangu umekataa kulifunga. Kila ninapokula chakula cha ngano, hasa mkate, tumbo hujaa gesi na kuvimba baada ya saa chache, kisha hufuata maumivu ya kusokota, na kesho yake huharisha au, mara nyingine, hupata choo kigumu. Huja pia uchovu na maumivu ya kichwa, na akili huwa nzito kiasi kwamba kusoma ukurasa mmoja na kuuelewa ni kazi. Nikiacha ngano, hali hutulia. Nikiirudia, mambo ni yale yale.

Nilipimwa damu kutafuta kingamwili za siliaki, yaani ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba mtu anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Baadaye nilipimwa kwa kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo. Majibu yote yalikuwa hasi, na kipimo cha mzio wa ngano nacho kilikuwa hasi. Nikaambiwa sina ugonjwa wowote, nile nitakacho.

Ninachotaka kujua ni haya. Je, mtu anaweza kudhurika na gluteni bila kuwa na siliaki, au ninajidanganya? Je, kuna kipimo cha kuthibitisha hali hiyo? Kuna maabara imeniambia kwamba inaweza kupima damu yangu dhidi ya vyakula zaidi ya mia kwa mara moja na kunipa orodha ya vile vinavyonidhuru. Ningependa kujua kama inafaa. Naomba majibu ya watu wanaolijua jambo hili, kwa sababu ushauri wa kukisia nimeshaupata wa kutosha.

Mchunguzi

Dada Tumaini, hujidanganyi, na maswali yako ni ya msingi. Mimi hufanya kazi ya maabara, kwa hiyo nitaanzia kwenye majibu yako ya vipimo, kwani neno «hasi» lina maana tu pale kipimo kilipofanyika katika hali inayostahili.

Kipimo cha damu kinachotumika kwanza huitwa tTG-IgA. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa wa siliaki hutengeneza dhidi ya kimeng'enya chake wenyewe. Kingamwili hizo huchochewa na gluteni. Mtu akiacha gluteni hupungua kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa zinaweza kutoweka kabisa katika damu ya mtu ambaye siliaki anayo. Utumbo nao huanza kupona. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kupimwa. Swali langu la kwanza kwako, basi, ni hili: ulikuwa unakula nini kabla ya kutolewa damu, na ulikuwa unakula nini kabla ya kamera?

La pili ni IgA yenyewe, yaani ile aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitafuta. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na miongoni mwa wagonjwa wa siliaki watu hao ni kama 2 hadi 3 katika kila 100. Kwa mtu wa namna hiyo tTG-IgA itatoka hasi hata kama utumbo wake umeharibika, kwa kuwa kinachotafutwa hakipo tangu mwanzo. Maabara makini hupima pia jumla ya IgA, na ikiwa iko chini sana hutumia kipimo cha kingamwili za aina nyingine, IgG. Angalia karatasi yako kama jumla hiyo imeandikwa.

La tatu ni vipande vya utumbo. Madhara ya siliaki hayaenei sawasawa. Sehemu moja huwa nzima na sehemu ya jirani imepoteza vinyweleo vyake vya kufyonzea chakula. Kwa hiyo hupendekezwa vichukuliwe angalau vipande 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, ndiyo sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na 1 au 2 kutoka mwanzo wake. Ukikuta ripoti ya kipande kimoja au viwili, ina uzito mdogo kuliko inavyoonekana.

Kipo kipimo kimoja ambacho hakijali unakula nini, nacho ni cha jeni za HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana angalau moja kati ya hizo. Kuwa nazo hakuthibitishi chochote, maana takriban watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo ilhali siliaki huwapata kama mtu 1 katika 100. Lakini kutokuwa nazo kunakaribia kuifuta siliaki kabisa, na kwa mtu aliyekwisha kuacha ngano jibu hilo lina faida kubwa.

Kuhusu ile maabara ya vyakula zaidi ya mia, weka pesa yako mfukoni. Vipimo hivyo kwa kawaida hupima kingamwili za IgG dhidi ya vyakula, na IgG huonyesha tu kwamba mwili umezoea kukutana na chakula hicho. Vyama vya madaktari wa mzio, vya Ulaya na vya Marekani, vimekwisha kusema visitumike kutambua vyakula vinavyomdhuru mtu. Nimeona watu wakitoka na orodha ya vyakula thelathini vilivyokatazwa, wakakonda, na tumbo likabaki pale pale.

Tumaini

Nakushukuru sana, ndugu Mchunguzi. Damu ilitolewa wakati nakula mkate kila siku kama kawaida. Kamera ilikuja miezi kadhaa baadaye, na wakati huo nilikuwa nimeshapunguza ngano sana kwa sababu ya maumivu. Hakuna aliyeniambia niendelee kuila. Karatasi ya damu inaonyesha tTG-IgA peke yake, jumla ya IgA haimo, na jeni hazikupimwa. Ripoti ya kamera inataja vipande, lakini haisemi vilikuwa vingapi. Uzito wangu haujapungua, sina damu chooni, na wingi wa damu mwilini uko sawa.

Mchunguzi

Basi picha imekuwa wazi kidogo. Kipimo cha damu kilifanyika kwa wakati mwafaka, na hilo linapunguza sana uwezekano wa siliaki, ila kimekosa mwenzake. Mwombe daktari jumla ya IgA na jeni za HLA. Vyote viwili ni vya damu na hakuna kinachokulazimisha kula mkate. Jeni zikitoka hasi, mlango wa siliaki unafungwa. Zikiwapo, na IgA ikawa chini, utalazimika kuzungumza naye juu ya kurudia uchunguzi ukiwa unakula gluteni. Ni vyema ulivyotaja uzito na damu chooni, kwa sababu mambo hayo, pamoja na homa, upungufu wa damu au kuharisha kunakokuamsha usiku, hayapaswi kusukumwa kwenye hesabu ya ngano. Hutafutiwa chanzo kingine mara moja.

Lishe Timamu

Ningependa kuendelea pale ndugu Mchunguzi alipoishia, yaani tuchukulie kwamba siliaki imeondolewa kwa haki. Mimi ni mtaalamu wa lishe na watu wenye simulizi kama la dada Tumaini ni wengi.

Hali hiyo si uzushi wa siku hizi. Mwaka 1978 Ellis na Linaker waliandika katika jarida la Lancet habari za mgonjwa aliyekuwa akiharisha na kuumwa tumbo, ambaye utumbo wake ulionekana mzima lakini alipata nafuu alipoacha gluteni. Leo hali hiyo huitwa usikivu wa gluteni usio wa siliaki. Haina kipimo cha damu, haina alama katika utumbo, na hutambuliwa kwa kuondoa kwanza siliaki na mzio wa ngano, kisha kuangalia kama dalili zinafuata gluteni kweli. Hapo kwenye «kweli» ndipo penye kazi.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliwachukua watu 34 wenye utumbo usiotulia (IBS) ambao walikuwa wamepata nafuu kwa kuacha gluteni, wakawapa mkate na keki ndogo, wengine vyenye gluteni na wengine visivyo nayo, bila mtu kujua anakula nini. Waliopewa gluteni waliumwa zaidi. Watu wengi walisoma habari hiyo wakaishia hapo. Miaka miwili baadaye kundi lile lile la watafiti lilirudia jaribio kwa watu 37, ila safari hii waliondoa kwanza katika vyakula vyote zile kabohidrati fupi zinazochachuka tumboni. Dalili zikashuka kwa washiriki wote. Walipoongezewa gluteni baada ya hapo, haikuonekana tofauti kati ya gluteni nyingi, gluteni kidogo na protini nyingine isiyo gluteni.

Kwa maneno mengine, ngano ina zaidi ya kitu kimoja ndani yake. Inayo gluteni, ambayo ni protini. Inayo frukitani, mojawapo ya kabohidrati hizo zinazochachuka, ambayo ni mnyororo wa sukari ambao hakuna binadamu anayeweza kuusaga, hivyo hufika katika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria mpaka gesi inajaa. Na inazo protini nyingine ndogo, vizuizi vya amilesi na tripsini (vimeng'enya vya kusaga chakula), ambazo katika maabara zimeonekana kuamsha kinga ya mwili. Ukiacha mkate umeviacha vyote kwa pamoja, kwa hiyo nafuu unayoipata haikuambii ni kipi kilichokuwa kinakusumbua.

Jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2018 liliuliza swali hilo moja kwa moja. Watu 59 wasio na siliaki, ambao wenyewe walikuwa wameacha gluteni, walikula vipande vya nafaka vilivyogandishwa pamoja: kwa siku 7 vyenye gluteni, siku 7 vyenye frukitani, siku 7 visivyo na chochote kati ya hivyo, kwa mpangilio uliofichwa. Watu 24 waliumwa zaidi katika wiki ya frukitani na 13 katika wiki ya gluteni. Waliobaki, 22, waliumwa zaidi katika wiki ambayo hawakupewa kitu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nisimkubalie haraka mtu anayesema ana hakika.

Dada Tumaini, kabla hujaingia katika jaribio lolote kubwa, angalia vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu havina gluteni hata chembe, lakini vimejaa frukitani. Mlo usio na ngano wenye vitunguu vingi ukikuvimbisha tumbo vile vile, mtuhumiwa wako wa kwanza si gluteni. Mkate uliochachushwa polepole kwa muda mrefu nao una fununu yake: uchachushaji huo hupunguza frukitani huku gluteni nyingi ikibaki, kwa hiyo mtu anayeuvumilia mkate huo na kushindwa na mkate wa kawaida amepata kidokezo kizuri. Si ushahidi kamili, lakini ni mahali pa kuanzia, na havihitaji daktari.

Baba Wawili

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona mnamzungusha dada yetu. Mimi niliacha ngano, shayiri na rai, tumbo likatulia, na sijawahi kuhitaji kujua ni protini au ni sukari. Kama chakula kinakuumiza, kiache. Mahindi, mchele na mtama havina gluteni na vinashibisha. Kwa nini mtu mzima aombe ruhusa ya maabara ili asile mkate?

Lishe Timamu

Ndugu Baba Wawili, ruhusa hahitaji, na kwa mtu ambaye siliaki imeondolewa, ulichofanya si dhambi. Lakini kutojua kuna gharama zake. Mwenye siliaki hana hiari: ataacha gluteni maisha yake yote, hata ile ndogo inayodondoka kutoka kwenye kisu cha mkate, kwa kuwa utumbo wake huharibika hata asipohisi chochote; na atafuatiliwa madini ya chuma na uimara wa mifupa. Mwenye usikivu usio wa siliaki hana ushahidi wa uharibifu wa namna hiyo, kwa hiyo anaweza kujua kiasi anachokivumilia na kuishi nacho. Mwenye tatizo la frukitani anaweza kula mkate kidogo leo na kuruka vitunguu kesho. Hao ni watu watatu wenye masharti tofauti kabisa, na wewe umewavika wote shati moja, tena lile linalobana zaidi.

Isitoshe, vyakula vya kiwandani vilivyoandikwa kwamba havina gluteni mara nyingi vina nyuzinyuzi chache, na vingi haviongezwi madini ya chuma wala asidi ya foliki kama unga wa ngano unavyoongezwa katika nchi nyingi. Aliyeacha ngano akala mahindi, mchele, kunde na mboga hana shida hiyo. Aliyebadilisha mkate kwa biskuti zenye nembo anayo.

Tumaini

Nashukuru kwa mjadala. Nimewaza juu ya vitunguu na kusema kweli sijawahi kuvitilia maanani, kwa sababu viko katika kila ninachopika. Nitavifuatilia. Je, ikiwa jeni zitakuwa hasi na vitunguu visiwe na hatia, nitajipima vipi kuhusu gluteni yenyewe bila akili yangu kunichezea? Nakiri kwamba nikiuona mkate siku hizi tumbo huanza kujikaza kabla sijaugusa. Jambo jingine, nina watoto. Je, nao wapimwe?

Mchunguzi

Kujikaza huko ni jambo halisi, na halimaanishi kwamba unaigiza. Madaktari wawili waliokusanya majaribio 10 ya kuficha gluteni mwaka 2017 walikuta kwamba kama watu 16 tu katika kila 100 waliodhaniwa kuwa na usikivu huo ndio walioonyesha dalili zilizoifuata gluteni, na kama 40 katika 100 waliumwa kwa kula kitu kisicho na gluteni. Matarajio hufika tumboni kwa mishipa ile ile ya fahamu inayoleta maumivu.

Utaratibu uliokubaliwa na wataalamu waliokutana Salerno, Italia, mwaka 2014 ni huu. Kwanza mtu huacha gluteni kwa wiki 6 huku akiandika dalili zake kuu, moja hadi tatu, kwa alama za 1 hadi 10. Zisiposhuka kwa angalau asilimia 30, gluteni huachiwa huru na chanzo kingine hutafutwa. Zikishuka, hufuata wiki moja ya kula gramu 8 za gluteni kila siku au kitu bandia kinachofanana nayo, kisha wiki moja ya kupumzika, kisha wiki moja ya kile kilichobaki, na tofauti kati ya wiki hizo mbili nayo inapaswa kufika asilimia 30. Kipande cha mkate wa kawaida kina takriban gramu 2 za gluteni, kwa hiyo si kiasi cha kutisha, lakini si cha kutupia jicho pia.

Nyumbani unaweza kuufuata kwa kiasi fulani. Unga wa gluteni iliyotengwa hupatikana, nao una frukitani kidogo sana kuliko unga wa ngano. Mtu mwingine auchanganye katika chakula chenye ladha nzito kwa wiki moja, na wiki nyingine atumie unga wa mchele, naye peke yake ndiye ajue ni wiki ipi. Wewe andika alama zako kila jioni na daftari lisifunguliwe mpaka mwisho. Lifanye kwa kumshirikisha daktari, na usilianze kabla majibu ya IgA na jeni hayajatoka.

Kuhusu watoto, jibu linategemea majibu hayo hayo. Ingethibitika una siliaki, wangepaswa kupimwa hata bila dalili, kwa sababu takriban ndugu 1 katika 10 wa damu wa karibu, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, huwa nayo. Usikivu usio wa siliaki hauna pendekezo la namna hiyo. Kwa sasa waache wale kama wanavyokula, mkate ukiwemo, ili wakihitaji kupimwa damu yao iwe na kitu cha kuonyesha.

Tumaini

Nimeelewa. Nimeomba miadi kwa ajili ya IgA na jeni, na mume wangu amekubali kuwa mtunza siri wa unga. Majibu yakitoka nitayaandika hapa.